Randa Ndefu ya Baba Thaddée

Baada ya miaka thelathini na saba katika atelye yetu ya useremala hapa Kasenga, Baba Thaddée anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2024. Niliombwa mimi, Noella, kuandika ukurasa huu wa programu ya sherehe ya kumuaga kwa sababu meza yangu ya kazi imekaa kando ya yake kwa miaka kumi na moja. Heri wangemwomba mwingine. Kila nikianza kumsifu nafuta nilichoandika, na kabla hamjamaliza kusoma mtajua kwa nini.

Alishuka kutoka Rurambo, kule mlimani, mwaka 1987, kijana mchunga ng'ombe ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakujua hata kwamba ubao una njia yake ya nyuzi. Tangu hapo ametengeneza madawati, vitanda, viti vya kanisa na milango isiyohesabika. Hata ziwa la hapa jirani lilipopanda na nusu ya milango ya mtaa ikavimba, ya kwake iliendelea kufunguka kwa kidole.

Lakini sifa yake hasa ni randa. Randa ikiziba maranda, ikirukaruka au ikinyofoa ubao badala ya kuulainisha, sisi wengine hukimbilia jiwe la kunolea. Yeye hutucheka. Hutoa kisu cha randa, hupuliza vumbi lililolala chini yake, hugonga upya kabari inayokibana, kisha huangalia kama kile chuma cha pili, kinachokaa mgongoni mwa kisu, kimeacha mwanya wa kunasa maranda. Mara nyingi kisu chenyewe hakikuwa na kosa. Makali huyapima kwa kunyoa mkono wake wa kushoto, na mkono huo sijawahi kuuona na unyoya hata mmoja.

Msimu wa mvua hurudi nyumbani na randa yake ndefu ya mvule, ameifunga kwenye kitenge isilowe. Siku moja Mama Zaina wa duka la jirani alimsimamisha njiani akamuuliza mtoto ana miezi mingapi. Akamjibu kwamba ana jino moja tu, ila linauma vizuri.

Desturi yetu mnaijua: fundi akistaafu huondoka na randa yake, isipokuwa amemwona mtu wa kumwachia. Na hiyo ndefu ndiyo pekee tuliyo nayo ya kunyoosha ubao wa mlango. Ikipanda naye Rurambo anakorudi, kazi ya milango tumeiaga.

Sasa nakiri. Mwezi uliopita tulikuwa na milango sita ya zahanati moja ya Luberizi. Baba Thaddée alikwenda msibani mlimani siku tatu, akaniachia randa. Nikaona uso wake wa chini umechakaa, nikataka akirudi aikute kama mpya. Nikatoa kisu na kabari, nikatandika msasa juu ya kioo, nikaisugua hadi nilipoiwekea rula mwanga haukupita. Nilijipongeza! Nilipoirudishia kisu na kabari, ikaanza kuyumba. Mbao mbili nilizonyoosha nikazikutanisha, mwanga ukapita katikati, na huo ulikuwa mlango wa chumba cha kujifungulia. Nikanoa. Nikakaza kabari. Nikanoa tena. Niliamini nimeiua. Nikaifunga kwenye kitenge chake na kuirudisha mezani kwake, kana kwamba sijaigusa.

Aliporudi aliisukuma mara moja tu, akaiinua dirishani na rula, akaniangalia.

"Raboti uliinyoosha iko na njaa, Noella. Ikishakula, tumbo inatoka. Anza kuikulisha."

Raboti ndiyo randa, na maana yake ni kwamba kabari ikikazwa husukuma mwili wa randa, na uso wa chini hubinuka kidogo. Kwa hiyo hunyooshwa kisu na kabari vikiwa ndani, vimekazwa kama siku ya kazi, ila makali yamerudishwa nyuma yasiguse msasa. Nilimwomba aifanye yeye. Akatia mikono mifukoni. Nikaifanya mimi, na mchana ule mbao zikakutana bila mwanga. Akasema "Haya," akaenda kunywa chai. Kuhusu nani atabaki na randa hakusema neno, na tangu siku hiyo sikuthubutu kuuliza.

Leo asubuhi nimefika mapema kumalizia ukurasa huu. Sanduku lake la vifaa lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Niliogopa kulitazama, nikatazama msumari wangu ukutani, ninapotundika vifaa vyangu. Kitenge kilikuwa kimening'inia pale. Nimekifungua: randa ndefu imo, kabari imekazwa, makali yamerudishwa nyuma. Ameniachia ikiwa imeshiba.

Asante, Baba Thaddée, kwa kila mlango na kwa mikono yako mifukoni. Ng'ombe wa Rurambo wakutii, magoti yakuhurumie mlimani, na maisha yako huko juu yawe mema na marefu. Mimi bado naogopa, sitakuficha. Lakini Mama Zaina akinisimamisha njiani mvua zikirudi, nitamwambia mtoto sasa ni wangu.