Santuri Mpya na Sauti Niliyobaki Nayo

Salaam aleikum, ndugu zangu Waislamu. Akina mama wa Kiturkana kule nyuma, nawasalimu kwa lugha yenu, ejoka. Na nyinyi wengine wote, habari zenu. Mtaniruhusu nikae. Mwenye kusimama na asimame, mimi miguu imekataa. Nimetoka Kiwanjani kwa mguu, na jua la leo si jua la kutembelea.

Dada muuguzi ndiye amenileta. Alinipata sokoni akaniambia, "Mzee, wagonjwa wangu wanasikia nyimbo zenu kwa redio, na nikiwaambia mwimbaji alilala kwenye vibanda hivi hivi vya manyatta ya TB wananicheka. Njoo wakuone na macho." Nikamwambia nimechoka. Akasema hata wao wamechoka, na wao hawakuchagua. Huyu dada mnamjua mdomo wake. Haya, nimekuja. Mtu sitamtaja jina, maana Isiolo ni ndogo na wengine ninaowasema wamekaa hapa wananitazama.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la kubeba mabomba ya visima. Mkubwa wetu alikuwa Mmarekani, mtu mrefu wa maneno machache. Jioni kazi ikiisha alitoa banjo yake, kama gitaa lenye tumbo la ngoma, akapiga muziki wa milima ya kwao. Mwenyewe aliuita bluegrass, sisi tukauita muziki wa banjo tu. Waimbaji wake huimba juu, sauti nyembamba, kama mtu anayeita mwenzake aliye mbali. Alifikiri atanifundisha. Ndugu zangu, nawaambia, mtu aliyekulia kuita ng'ombe walio ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, hafundishwi kuita. Nilifungua mdomo mara moja, akaacha kupiga akanikodolea macho.

"Nani amekufunza?"

"Ng'ombe wa baba," nikamjibu. Alicheka mpaka akakohoa.

Alipokwenda zake alimwachia banjo fundi mmoja wa baiskeli, Mmeru, ambaye ndiye mwenzangu mpaka leo. Tukapata mtu wa fidla, Mborana, muuza nyama. Tukapata na wa gitaa la besi, ambaye hasemi kitu, hata ukimsalimia. Mimi nikawa gitaa na sauti. Hiyo ndiyo bendi.

Sasa kuna desturi moja ya muziki huu lazima niwaeleze, au hamtaelewa mbele. Maikrofoni ni moja peke yake. Wote mnaizunguka. Zamu yako ikifika unasogea, ikiisha unarudi nyuma, na wa sauti kubwa ndiye husimama mbali kabisa, asije akawameza wengine. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya kila mtu, karibu nitoke mlangoni. Kulikuwa na watu wakija kwenye ngoma zetu kutazama hilo tu, nilivyosimama kule nyuma na bado wananisikia mimi. Na mimi nilijua wananitazama. Nilikuwa na majivuno, acheni niseme ukweli.

Tulizunguka. Soko la mifugo Oldonyiro, hakuna stima, hakuna maikrofoni, mbuzi wanalia, madalali wanabishana, vumbi hadi kwenye meno, na mimi juu ya lori naimba juu ya hayo yote. Wazee walikuwa wanasema, "Huyu mtu anaweza kusimamisha ngamia." Tulikwenda Nairobi tukatoa santuri ndogo ndogo, zile za wimbo huku na wimbo kule. Hazikututajirisha lakini zilipigwa mikahawani, na mtu akisikia wimbo wake unapigwa mkahawani anaagiza chai ya pili hata kama hana kiu.

Kikohozi kilianza kama mchezo. Nikasema ni vumbi. Kila mtu akasema ni vumbi, na kila mtu akawa na dawa. Asali. Mayai mabichi. Mafuta ya mkia wa kondoo, hayo nilimeza mpaka mbwa wa mtaa wakaanza kunifuata. Mnacheka, lakini wangapi hapa walianza na mkia wa kondoo? Nyoosheni mikono. Ehe, naona. Na kila dawa iliponipa nafuu kidogo, nilipanda lori nikaenda kuimba, tena juu zaidi, niwaonyeshe watu niko sawa. Ilikuwa hivyo msimu baada ya msimu, na kilo zinapungua. Mama watoto alipunguza suruali zangu kwa sindano na uzi, na mimi nikajifanya sioni.

Siku iliyonimaliza ilikuwa kwenye harusi kule Sericho. Tulifika tumechoka mbaya, lori lilikuwa limezama kwenye mchanga tukalisukuma nusu ya safari. Nikaanza wimbo. Katikati, pale pa kupanda, nikafungua mdomo na hakukutoka kitu. Shingo imevimba, mdomo uko wazi, na kimya. Watu wakafikiri ni mchezo, wakapiga makofi. Mwenzangu wa banjo akaudaka wimbo hapo hapo, hata hakunitazama, akaumaliza kwa sauti yake ile mbovu. Mimi nikageuka nyuma ya lori nikatema kwenye leso. Ilikuwa damu.

Daktari alisema ni kifua kikuu, na kimenipanda mpaka kooni. Nikaletwa hapa. Sindano kila siku, vidonge, na amri ya kufunga mdomo: nisiimbe, nisiseme, hata kunong'ona nisinong'one. Mama watoto akasema, "Afadhali, nyumba ipumue kidogo." Alisema hivyo akicheka, halafu akaenda nyuma ya ukuta wa manyatta, nikamsikia analia. Majirani zetu walianza kutenga vikombe. Rafiki niliyekula naye sahani moja miaka alinisalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Hiyo iliniuma kuliko sindano, na najua mnajua.

Kitanda cha jirani yangu alilala mzee wa ngamia, mtu wa Sericho. Huyo mzee alinipenda kwa sababu sikuweza kumkatiza. Alinisimulia kila ngamia wake, mama yake, na nyanya yake. Walahi, kuna ngamia nawajua ukoo mpaka leo. Baadaye kikohozi chake kikaisha, mashavu yakajaa, na sindano zilikuwa bado nyingi. Akasema, "Mimi nimepona. Ngamia hawajui daktari." Mwanawe akaja wakaondoka. Nilimwonea wivu sana.

Maana na mimi mwili ulikuwa umerudi. Halafu nikaletewa habari kwamba yule bwana wa santuri Nairobi anataka safari hii santuri kubwa, nyimbo nyingi, pande zote mbili. Hicho kitu tulikiota tangu siku za mabomba. Nilikwenda pembeni nikajaribu sauti kidogo, ikatoka mlio wa bawaba ya mlango. Nikajiambia itafunguka njiani. Siku ya safari nikafunga vitu vyangu kwenye shuka nikakaa langoni kungoja lori.

Lori likaja. Mwenzangu wa banjo akashuka peke yake.

"Umefunga mzigo wa wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha lori kwa kidole.

"Sisi tunaenda," akasema. "Wewe unabaki. Tumepata mtu wa kuimba, anatungoja Meru."

Ndugu zangu, nilivua kiatu nikamrushia. Kilimpata mgongoni, pa! Hakugeuka. Alipanda lori wakaondoka, nikabaki na mguu mmoja kwenye mchanga wa moto. Nilimchukia. Nilimchukia yeye, nikawachukia wote, na mama watoto alipokuja na chakula nikamgeuzia mgongo, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ndiye aliyekwenda kwa yule fundi wa baiskeli akamwambia, "Ukimchukua leo, utanirudishia maiti." Nikapanga kesho yake nitoroke peke yangu, nipande gari lolote la kwenda Nairobi, niingie pale wanaporekodi wanikute.

Sikutoroka. Asubuhi hiyo lori la mifugo lilisimama hapo langoni, likitoka Sericho, na nyuma kati ya mbuzi walikuwa wamemlaza mzee wangu wa ngamia. Alikuwa mifupa na macho. Nilisaidia kumshusha, hakuwa na uzito wowote. Alinijua. Alifungua mdomo aniambie kitu, nafikiri alitaka kuniambia habari ya ngamia, akashindwa. Hakufika jioni. Nilifungua shuka yangu nikarudisha vitu mahali pake, nikaenda kusimama kwenye laini ya sindano nikiwa nalia mbele ya watu, na sikujali nani ananiona.

Nilimaliza dawa. Zote. Nikapona, kama mnavyoniona, lakini sauti ile ya juu haikurudi. Niliyobaki nayo ni hii mnayoisikia, ya chini, ina mikwaruzo. Santuri kubwa ya wale wenzangu ilitoka ikauzwa vizuri, sitawadanganya. Siku moja iliwekwa mkahawani nami nipo. Niliacha chai nikatoka. Ikaja njaa ile ya themanini na nne, ng'ombe wachache niliokuwa nao wakaisha mmoja mmoja. Nikarudi kwenye malori, kutengeneza tairi. Gitaa lilining'inia ukutani na kuku akawa anataga chini yake. Nilichoka, jamani. Si kuchoka kwa kazi. Kuchoka kwa kuamka.

Yule mwimbaji wa Meru akaenda kuanzisha bendi yake. Mwenzangu wa banjo akaja kwangu na wenzake, wakakaa uani bila kuitwa. Akasema wanataka kutoa santuri mpya na mwimbaji ni mimi. Nikamwambia aache kunidhihaki. Basi akapiga. Ndugu zangu, walikuwa wameshusha nyimbo zote, zifae sauti yangu hii ya chini. Zote! Mnajua maana yake? Yule muuza nyama wa fidla, mzee wa rika langu, vidole vimejaa makovu ya kisu, alikuwa amejifunza upya kila wimbo, mahali pa kila kidole, baada ya kufunga bucha. Walifanya hivyo msimu mzima bila kuniambia. Mama watoto alimfukuza kuku, akateremsha gitaa, akaniwekea magotini.

Tukaenda Nairobi. Chumba kidogo, maikrofoni moja katikati, kama tulivyozoea. Mimi kwa mazoea nikasimama mbali. Fundi wa mitambo akasema hanisikii. Nikasogea. Hanisikii. Nikasogea tena, mpaka nikawa mbele ya wote, na aibu ikanishika hadi masikioni, kwa sababu kwetu anayesogea karibu ni mnyonge. Bado nikafunikwa. Hapo mwenzangu wa banjo akarudi nyuma. Wa fidla akarudi, wa besi akarudi, mpaka migongo yao ikagusa ukuta, wakapiga polepole, taratibu, wananitazama bega wajue wakati wa kuingia. Wakaniachia chumba kizima. Niliimba. Ile santuri mnayoisikia kwa redio ndiyo hiyo, na mkisikia mahali sauti inatetemeka, si ugonjwa.

Si watu wote wameipenda. Juzi kijana wa Kiwanjani aliniambia, "Mzee, umeharibu nyimbo zako." Labda. Mimi sauti ya zamani naikumbuka kila siku, na sitawaambia uongo kwamba Mungu alinipa iliyo bora. Alinipa hii, na niko hai.

Namshukuru dada muuguzi, ambaye nilimtukana kwa macho kila asubuhi kwa sababu mdomo ulikuwa umefungwa. Namshukuru mama watoto. Nimemwomba msamaha, amesema anafikiria. Na yule fundi wa baiskeli, niliposhika mkono wake kumshukuru, aliniambia kiatu changu kilimuuma kidogo tu, lakini kuniacha pale langoni kulimliza mpaka Nanyuki. Mimi somo ninalo moja. Atakayekuzuia kuondoka hapa utamwona adui. Mtukane ukitaka, mrushie kiatu. Lakini baki.

Unasema nini, mzee? Niimbe? Nimewaambia nimechoka. Na wewe nimeuona mzigo wako uko chini ya kitanda, umefungwa kamba vizuri kabisa. Haya, tufanye hivi. Dada ameshatoka na sinia ya sindano. Pangeni laini. Ukichomwa nitaimba, na kesho ukichomwa nitakuja niimbe tena.