Baba Mkwe na Kilima cha Tangi

Kama hujui benchi la kiwanda cha sabuni liko wapi, fuata ubishi. Liko nje ya geti, na nyuma ya ukuta pampu ya maji inanguruma, kwa hiyo hapo mtu hupayuka hata akitoa siri. Dada wa kahawa alishafukuzwa getini na mlinzi, yuko kule konani. Ukitaka kikombe unamwagiza Spika, mpakiaji mwenye koo la chuma, anayekaa katikati ya njia na kuurusha ujumbe mbele. Asubuhi hiyo Fundi Waya alikaa pembeni kabisa, roho imemsinyaa. Alikuwa anamtazama baba mkwe wake, mtunza pampu, akipanda kilima cha tangi la maji na goti lake bovu.

– Fundi, si ulisema mzee hatapanda tena? aliuliza Profesa, dereva wa lori asiyekosa jibu duniani.

– Nilisema.

– Na kiboksi umefunga?

– Nimefunga jana. Tangi likijaa kule juu, linatuma ujumbe kwenye waya uje uzime pampu huku. Waya ni mrefu, ujumbe unafika hoi. Kazi ya kiboksi ni kuupokea na kuutuma upya ukiwa na nguvu. Lakini wapi! Mzee lazima apande aangalie, kisha ashuke azime kwa mkono.

Fundi alisema hivyo akitazama viatu vyake. Ni yeye aliyemganda bosi mpaka kiboksi kikanunuliwa, na ni yeye aliyetamba mbele ya mke wake, "Baba, kilima basi." Leo aliona aibu ya kufa mtu.

– Hao ni kunguru, alisema Kinyozi, anayenyoa watu hapo hapo benchini. Wanatua kwenye waya, ujumbe unabanwa.

– Kunguru wapi! alidakia Profesa. Ni jua. Waya ukipata moto unarefuka. Mchana tangi linakuwa mbali zaidi.

– Basi usiku tungelikuta hapa benchini.

– Cheka tu. Mimi naamini ujumbe unafika, ila pampu imegoma. Imezoea mkono wa mzee.

– Yaani pampu inampenda baba mkwe wa watu?

– Kuliko inavyompenda Fundi!

Fundi alicheka kidogo, kwa adabu tu.

– Jamani, koo limekauka. Spika! Kahawa tatu! aliita Profesa.

Kimya. Kinyozi akasimama, akapayuka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wapi.

– Spika kanuna?

Mama mmoja mgeni, aliyekuja kuulizia kazi ya usafi, alifika kutoka upande wa konani na kapu lake.

– Hamjambo? Mnamwita yule kaka mwenye sauti?

– Huyo huyo, mama.

– Kafuata kivuli, kakaa ubavuni kwa dada wa kahawa. Sasa kule atarudia nini, na nyinyi hamsikiki?

Profesa aliinuka kutazama kule konani. Kinyozi akakuna kichwa. Fundi Waya alisimama kama aliyekalia moto.

– Nami nimekifunga wapi kiboksi? Ukutani kwa pampu! Nilifuata kivuli cha paa. Pale ujumbe umeshakata roho, kirudie nini?

Akatoka mbio bila kuaga. Aliking'oa kiboksi ukutani, akapanda nacho hadi kibanda cha mlinzi katikati ya kilima, mahali waya unapopita na umeme upo. Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho, baba mkwe alipoteremka akihema.

– Shikamoo, baba.

– Marahaba, mwanangu. Nipishe, tangi limejaa, niwahi kuzima.

– Baba, naomba subiri. Kidogo tu.

Mzee alimtazama, akasubiri. Taa ya kiboksi ikawaka. Kule chini mngurumo ukashuka, ukakohoa, ukanyamaza.

– Nani kazima?

– Hakuna mtu, baba. Imezima yenyewe.

Mzee aligeuka, akatazama chini kwenye pampu. Alishika goti lake, akalisugua polepole, halafu akaanza kucheka, na Fundi akajikuta anafuta macho kwa mkono wenye grisi.

Wakashuka pamoja, taratibu. Benchini, kwa kuwa pampu imezima, hakuna aliyepayuka; Spika amerudishwa katikati, na yule mama amepewa nafasi ya Profesa.

– Kahawa ya baba! aliita Fundi.

– Imekwisha! alijibu dada wa kahawa, na kila mtu akamsikia.

– Imekwishaaa! alirudia Spika.

– Kahawa sijapata, ila ujumbe umenifika, alisema baba mkwe, akakaa, akanyoosha mguu.