Gari Nililolishuhudia

Bwana asifiwe, wapendwa, hata kwa habari chungu.

Naandika hapa kundini badala ya kusimama, kwa sababu mara ya mwisho niliposimama mbele yenu mdomo ulinikimbia. Elimu yangu ni darasa la saba, mtanivumilia. Nina daftari ninaloandika mambo yangu ya kila siku, na nimelisoma tena kabla ya kuandika haya, nisije nikamsingizia mtu. Hata gari nisilisingizie.

Mnalikumbuka lile jeusi, la Kijerumani, kuukuu lakini la kifahari. Ndugu zangu, lilikuwa raha! Viti vya ngozi, wakati wa baridi vinapata joto vyenyewe. Ukifunga mlango, kelele zote za Xiaobei, mtaa wetu hapa kwa Wachina, zinabaki nje. Na mnajua kazi yetu sisi mawakala wa kuwazungusha wanunuzi: mteja akitoka Dar, anakupima kwa ulivyompokea uwanja wa ndege. Nilipokuwa nawapeleka Zhanxi, kwenye soko la viatu vya jumla, kwa treni, wengine walinihama. Nilipofika na gari lile, hata Wachina wauza viatu waliniita laoban, bosi. Aliyeniuzia alifungua boneti akanionyesha panapovuja hewa. Hakunificha kitu. Nilijificha mwenyewe.

Nikaja mbele yenu nikashuhudia. Nilisema nimefunga siku saba na Mungu akanipa gari. Ukweli, nilifunga siku nne, na gari nilishalichagua kabla sijaanza kufunga. Mlishangilia. Mkashuka wote mpaka barabarani mkaliwekea mikono, boneti ikapakwa mafuta.

Mwezi haukuisha, likaanza. Gari lile halikai juu ya springi za chuma, linabebwa na mifuko ya hewa, na hewa ikitoka linachuchumaa kama ngamia. Ukilipumzisha, pengine linainuka. Daftari linaonyesha liliinuka karibu nusu ya mara zote, kwa hiyo siwezi kusema lilikuwa bovu kabisa. Fundi alinishauri kwa upole niliuze watu wangali wanalitaka. Ningeliuzaje? Nilishalishuhudia! Mtu akiniuliza liko wapi, nimjibu kwamba Mungu alikosea?

Ndipo akaja Mama Upendo. Kwa wasiomjua, ni mama wa Kariakoo anayeuza viatu vya watoto, na ndiye aliyenifundisha kazi hii. Siku ya ushuhuda wangu alikuwepo, mkono wake ulikuwa kwenye mlango wa nyuma. Safari hii, siku yake ya kuondoka ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya viza yake. Asubuhi aliniambia afadhali treni ya chini. Nilikataa, nikasema ni aibu mama yangu kuburuta mabegi kwenye ngazi. Daftari linasema aliniambia mara mbili. Yeye anasema mara tatu, na namwamini yeye.

Tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, gari likachuchumaa mtaa wa Sanyuanli. Kituo cha treni tunakiona kwa macho, ng'ambo ya barabara. Mama Upendo akafungua mlango.

"Elisha mwanangu, treni ile pale. Tushushe mabegi."

"Mama, tulipatie dakika kumi. Gari hili limeombewa."

Alinitazama. Kisha akaufunga mlango, akakaa. Nikaomba kwa sauti, naye akaitikia amina. Dakika kumi zikawa arobaini. Viti vilikuwa laini mno, nadhani na hilo lilituchelewesha. Tulipopata teksi na kufika uwanjani, kaunta ilikuwa imefungwa.

Nafasi ilipatikana kwenye ndege ya siku mbili mbele. Akatoka nchini viza imeshapita. Alipoomba nyingine, akanyimwa. Sheria ni sheria, simlaumu mtu wa dirishani. Leo Mama Upendo, aliyeijua Zhanxi mlango kwa mlango kuliko mimi, anauziwa viatu na madalali hapo hapo Kariakoo, kwa bei wanayotaka wao.

Nilimpigia kuomba radhi. Nikasema gari lilituangusha. Akanijibu:

"Gari nililiona limelala chini, Elisha. Ningeshuka. Nilikaa kwa sababu ya ushuhuda wako. Nimekusamehe, lakini kwa sasa usinipigie."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa. Sikuanguka chini, sikunena kwa lugha. Niliona aibu tu. Wiki ile ile nililiuza, nikamwonyesha mnunuzi panapovuja kama nami nilivyoonyeshwa. Alipokuja kulichukua liliwaka mara moja, likainuka vizuri kabisa, na moyo wangu ukalitaka tena. Kwa hiyo sijui kama nimepona au nimelikosa tu. Niombeeni.

Namshukuru Mungu, ambaye hakuwahi kuniahidi gari. Ushuhuda wangu wa kwanza naufuta leo, na zile siku saba pia. Kama nawe ulisimama ukamsemea Mungu neno ambalo hakulisema, rudi uliondoe kabla mtu hajalikalia. Mtegemee yeye. Heshima yake haikuhitaji wewe uilinde, na akikuokoa anaweza kukuokoa hata kwa treni iliyo ng'ambo ya barabara.

Najua Mama Upendo bado yumo humu kundini. Mama, sijakupigia. Nimeandika tu.