Mahindi ya Darini

Fungeni huo mlango kuku wasiingie, halafu sogeeni hapa kitandani, maana sauti yangu haifiki tena hata dirishani na sitasema mara mbili. Wewe kifungua mimba wangu, weka simu mfukoni. Dada yako akae hapa miguuni, mkwe wangu achukue kigoda, na mjukuu apande juu kitandani kwa sababu maneno mengine ni yake. Hilo bakuli la uji liacheni palepale. Tangu jana mnaniuliza kwa nini sili, na huko ukumbini mnaambiana kwamba mama hana tena hamu ya chakula, mama ndiyo basi. Hamu ninayo. Nimekataa kwa sababu najua uji huu umetoka wapi, na leo na ninyi mtajua.

Mjukuu wangu, ulipofika hapa ulikuwa na swali la mwalimu wenu, chakula chetu hutoka wapi, ukamuuliza baba yako, naye bila hata kugeuza shingo akakwambia andika dukani. Nilicheka, nikidhani anatania. Lifute hilo neno, mama, nikwambie. Chakula kinaanzia kwenye udongo uliolowa na mtu aliyeinama. Unachimba kishimo, unatia punje, unafukia, kisha unalinda, maana kunguru naye ana watoto wa kulisha. Mmea ukishakupita kimo, unatoa ua lake juu kabisa, na chini kwenye hindi changa zinatoka nywele laini, zile unazomsukia mwanasesere wako. Vumbi la lile ua linadondoka kwenye nywele, na kila unywele unazaa punje yake; unywele ukikosa vumbi, hapo panabaki pengo, kama kinywani mwangu. Ndiyo maana nilikuwa nawafukuza msikimbizane shambani mahindi yakichanua. Andika hayo, na mwalimu akikuuliza umeyatoa wapi, mwambie kwa bibi.

Lakini hilo ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonikaa kooni. Ile punje ya kwanza inatoka wapi? Inatoka kwenye mavuno yaliyopita, kwa mtu aliyejinyima. Kila tulipovuna, mimi na marehemu baba yenu tuliketi mkekani kabla hatujala hata hindi moja, tukachagua yaliyojaa vizuri, tukayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza darini juu ya jiko, moshi uyapige mpaka yawe meusi, fukusi wasiyaguse. Yale hayaliwi. Mwaka ule wa njaa mnaukumbuka, ninyi wawili, mlilala mmeshika matumbo na mahindi yananing'inia juu ya vichwa vyenu, na baba yenu anachochea moto chini ya sufuria ya maji matupu, hainui macho, anaogopa akiyatazama atashindwa. Tulijikaza kisabuni, hatukuyagusa. Mvua ilipokuja tulipanda, tukavuna, mkala mkanenepa, mkasoma, mkaenda zenu mjini.

Juzi wageni wamekuja kunijulia hali, nyumba imejaa, unga umeisha, na katika nyumba yenye watu wazima wenye miguu yao hakuna aliyefikiria kwenda dukani, lile duka ambako chakula hutoka! Mkatazama juu. Mkayashusha yote, mkayapukuchua, mkayapeleka mashineni. Mimi nimelala hapa nasikia punje zinavyogonga ndoo, nikadhani mvua imeanza, nikafurahi. Jamani, nilifurahi.

Mkwe wangu, usilie, wewe sikulaumu. Umekulia kwenye nyumba ya unga wa pakiti, umeona mahindi yana masizi ukadhani yamesahauliwa. Lakini wewe binti yangu! Wewe uliyekuwa unapanda kigoda kunishikia kamba, wewe uliyechapwa na baba yako kwa kuchomoa punje ukakaange! Ulishika ungo kwa mikono yako, ukasema, na nilikusikia, "Shusheni tu, mama halimi tena." Hilo neno limeniuma kuliko hiki kifua. Nisipolima mimi, ninyi mtakula nini, na huyu mtoto atakula nini?

Na wewe kifungua mimba, usitazame sakafu kama hayakuhusu. Ninaumwa kifua, siumwi masikio. Ulisimama nyuma ya dirisha hili ukizungumza na yule mwenye kituo cha mafuta anayelitaka shamba letu, ukamwambia avute subira, kizee akishaondoka tu mtaandikishana. Kizee! Nilikubeba mgongoni nikipalilia shamba hilohilo, ukanikojolea, nikaendelea kupalilia. Mbegu kuliwa hakukukosesha usingizi kwa sababu moyoni ulishauza mahali pa kuipanda, sasa nenda ukawaambie watoto wako wanywe petroli.

Mali yangu ni hii. Nyumba ni ya binti yangu, pamoja na jiko lake, ili kila akipika ainue macho aione ile dari tupu. Mbuzi ni wa mkwe wangu, kwa kuwa ndiye peke yake aliyenibadilishia shuka bila kuambiwa. Shamba... ngojeni. Ngojeni nipumue. Shamba bado halina mwenyewe.

Mnamjua Bi Ndimu, hapo nyuma ya wigo. Mnajua simsalimii wala hanisalimii, tangu siku tuliyomzika baba yenu, aliposimama mbele ya watu wote akasema nimemuua mume wangu kwa jembe, nimemlimisha mpaka moyo ukasimama. Na msimu mmoja tu kabla ya hapo fukusi walikuwa wamemmalizia mbegu, nikampa yangu kikapu kizima, tulikuwa bado tunaombana chumvi. Tangu hapo kila msimu nachungulia wigoni nayaona mahindi yangu, yaleyale mafupi yenye punje nyekundu mojamoja, yanamchanulia mwanamke yule, nami naumia roho, natamani ng'ombe waingie. Hawakuingia. Niliowazaa wameila mbegu yangu, na niliyemchukia ameitunza, na mimi nimelala hapa kitandani sina la kufanya ila kulisema.

Sasa sikieni vizuri. Mvua imegonga bati jana na udongo hautangoja msiba wangu. Mmoja wenu aende kwa Bi Ndimu leo, kwa miguu, lisionekane gari mlangoni kwake, apige hodi, apige magoti, aombe mbegu. Atawatukana, mdomo anao. Vumilieni. Mwambieni sijamsamehe. Nimejaribu, imenishinda. Lakini mwambieni ninayeomba ni mimi, si ninyi, mnitaje kwa jina langu. Atajua nimemeza nini mpaka nikalisema hilo. Atakayekwenda, akaipanda kwa mkono wake, huyo ndiye mwenye shamba, awe mwanangu, awe mkwe, awe huyu mtoto. Asiyekwenda asitie hata konzi ya udongo kaburini kwangu. Na mpande kwanza, ndipo mnizike. Mimi naweza kungoja.

Mjukuu, mbona umeshuka? Unavaa viatu... Ee. Mshike mama yako mkono, njia ina matope. Baba yako mwacheni akae, amechoka na mambo ya simu. Mungu awape mikono isiyoona haya udongo. Awape mvua kwa wakati wake. Na wewe, kifungua mimba, akupe... akupe watoto watakaokukumbuka ungali hai. Sina baraka nyingine ya kukupa, mwanangu, hiyo ndiyo niliyoikosa mimi.

Binti yangu, lete hilo bakuli. Lete, nimesema, uji huo ukimwagwa mbegu itakuwa imekufa bure. Kijiko kidogo. Maisha yangu yote sijawahi kuionja mbegu, hata mwaka ule... Nishike kichwa. Ah. Ina moshi. Ni tamu. Kumbe ilikuwa tamu hivi, na baba yenu hakuionja.

Tosha. Nilaze. Wameshatoka? Nasikia kitu kinagonga... kinagonga hapo nje. Binti yangu, hebu sikiliza. Ni mvua hiyo, au mnapukuchua tena?