Mama Zunguka, Rubani Aliyekataa Kutia Saini

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Zunguka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa hatua thelathini tu kutoka kwenye reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli: treni ikija anafunga geti, ikishapita analifungua. Kila mtoto wa nyumba ile alisimama kabla ya kuvuka, akatazama huku na huku, akasema kwa sauti, "Navuka." Mwaka 1960 reli ile iling'olewa yote ikapelekwa kwingine. Baba hakubadili sheria. Binti yake, wakati huo ana miaka tisa na mdomo usiopoa, alimwambia, "Baba, reli si wameshaing'oa?" Baba akamjibu, "Reli wameng'oa. Macho wamekuachia. Simama." Alisimama. Alinung'unika, lakini alisimama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1968. Alifaulu hisabati, jiografia na ubishi. Katika ripoti yake ya kidato cha tatu, ambayo bado imo kwenye sanduku lake la bati, mwalimu mkuu aliandika: "Anataka sababu ya kila jambo." Mwalimu alikusudia lawama, yeye aliisoma kama sifa mpaka uzeeni. Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa karani katika kampuni ndogo ya ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Kwa miaka minne aliandika kwenye daftari saa ambazo wanaume walikuwa angani. Mwaka wa tano akaomba na za kwake ziandikwe. Mwalimu wa urubani, mzee wa kukohoakohoa, alimwonya, "Mama, utachoka." Akamjibu, "Nikichoka nitakuambia." Alipata leseni tarehe 9 Agosti 1975, na mzee yule alifariki bila kuambiwa.

Uwanja alioufanyia kazi maisha yake yote mnaujua: njia moja ya changarawe yenye urefu wa mita elfu moja na mia moja, kibanda cha mabati, pipa la maji, na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kuonyesha upepo. Mnara wa kuongozea ndege haukuwapo, na mpaka leo haupo. Hakuna mtu wa kukuambia tua au ngoja. Marubani wanaambiana wenyewe kwa redio, kila mmoja akitaja alipo, na kila mmoja anauzunguka uwanja kwa upande uleule kabla ya kutua, ili ajulikane yuko wapi hata kama redio yake imekufa. Ndiyo sheria yote. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuielewa. Watu wazima ndio inaowashinda.

Yeye mwenyewe aliielewa kwa hofu, Ijumaa tarehe 22 Juni 1979. Alikuwa anarudi na magunia ya barua katika ndege yenye mabawa chini ya dirisha. Alitangaza kila kona kwa sauti safi. Hakujibiwa, akauchukua ule ukimya kuwa ni nafasi. Chini yake, kwenye mstari uleule wa kutua, ilikuwapo ndege ya kunyunyizia dawa, mabawa yake juu ya kichwa cha rubani, redio yake mbovu tangu Jumatano. Mabawa yake yeye yalimficha yule wa chini, na mabawa ya yule wa chini yalimficha yeye. Aliyewaona wote wawili ni fundi wa pale uwanjani. Alivua ovaroli yake, akakimbia nayo katikati ya njia akiipunga, amebaki na kaptula. Marehemu alisukuma gesi, akapanda, akazunguka tena.

Aliposhuka, mnyunyiziaji alikuwa anamsubiri kando ya pipa la maji.

"Dada, wewe huna macho?"

"Na wewe huna mdomo?"

"Redio imekufa."

"Basi ungezunguka nikuone. Umekata kona ya kwanza na ya pili, umeingia kama unaingia kwa mjomba wako."

Fundi, akiwa bado anavaa ovaroli, akawaambia waendelee kugombana taratibu, kwa sababu yeye alikuwa ameshakwisha kwa hofu. Ndipo marehemu akasema maneno aliyowafundisha wanafunzi wake wote: "Nilisema kila kitu. Sikutazama kitu." Hakujisamehe kwa urahisi. Kuanzia siku ile, kabla ya kugeukia njia ya kutua, aliilaza ndege yake upande mmoja, kisha wa pili, ili aone kilichofichwa na bawa.

Mnyunyiziaji yule alinunua redio mpya mwezi huohuo. Tarehe 12 Desemba 1981 walifunga ndoa, na Mungu akawajalia watoto wawili. Nyumba yao ilikuwa na ukumbi mwembamba na jiko lenye mlango mmoja, na marehemu aliiendesha kama uwanja wake. Aliyebeba sufuria ya moto alitangaza: "Natoka jikoni, naelekea sebuleni, nina uji." Aliyekuwa ukumbini alijibu alipo. Mkwe wao, siku ya kwanza kuja kujitambulisha, alisikia sauti kutoka chooni ikisema, "Natoka, nageuka kushoto," akamuuliza mchumba wake kwa kunong'ona kama kuna mgonjwa. Leo naye anatangaza kwake, na hajaungua hata mara moja.

Sasa tunafika mahali ambapo familia imeomba pasomwe polepole.

Jana kampuni ya kusafirisha watalii, ambayo marehemu aliirushia ndege tangu 1986, ilileta shada la maua na barua ya rambirambi. Tunashukuru kwa maua. Barua inasema alistaafu mwaka 1994. Hakustaafu. Alifukuzwa.

Jumamosi, tarehe 3 Septemba 1994, alikuwa na abiria tisa, mmoja wao meneja wa kampuni. Kampuni ilikuwa imeagiza marubani waache kuzunguka na watue moja kwa moja, kuokoa mafuta na dakika sita. Marehemu alizunguka. Meneja akalalamika kutoka kiti cha nyuma. Katika kona ya mwisho, alipoilaza ndege, aliona bawa jeupe likikatiza mbele yake, kimya, bila neno redioni. Akapanda, akazunguka mara ya pili. Ile ndege nyingine ilipita ikatokomea. Meneja hakuona kitu. Abiria hawakuona kitu. Meneja alichelewa kikao chake, na Jumatatu marehemu aliwekewa mezani barua iliyoandikwa tayari: kwamba aliahirisha kutua bila sababu, kwamba hapakuwa na ndege nyingine, kwamba anaomba radhi.

"Tia saini tu, mama, kazi iendelee," meneja alimwambia. "Ni karatasi."

"Kama ni karatasi, tia wewe."

"Nani mwingine aliiona hiyo ndege?"

"Aliyetazama."

Saa nane mchana alikuwa nje, amebeba begi lake na kofia. Mjini wakasema amezeeka, anaona vivuli. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kwa miezi saba hakuna aliyempa ndege. Alibeba kiti cha plastiki, akaketi nje ya kibanda na redio ndogo ya mkononi, na kwenye bati la ukutani akachora kwa rangi nyekundu mzunguko wa uwanja na mishale yake. Kampuni ikatuma mtu alifute. Akachora tena. Likafutwa tena. Mara ya tatu alichora kwa rangi ya kupaka meli, isiyofutika, na mchoro huo upo mpaka leo. Mwaka 1995 alianza kufundisha, na katika miaka kumi na minne alifundisha marubani sitini na mmoja. Barua ile aliitunza kwenye sanduku pamoja na ripoti ya shule. Nafasi ya saini iko tupu.

Mwaka 2009 madaktari walimzuia kuruka kwa sababu ya moyo. Aliwabishia, akashindwa, akaendelea kufundisha kwenye kiti. Januari mwaka huu alilazwa. Wauguzi wa wodi namba nne walizoea kusema mlangoni, "Naingia na sindano." Wiki ya pili ya Machi alikuja mtu mzima mwenye mvi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mama, ile ndege ya mwaka tisini na nne ilikuwa yangu. Leseni ilikuwa imekwisha muda. Niliizima redio nisijulikane."

"Nilikuwa najua ipo," marehemu akasema. "Sikuhitaji uniambie ipo. Siku hizi unatangaza?"

"Natangaza, mama."

"Na kuzunguka?"

"Nazunguka."

"Basi kaa. Umenizibia mwanga."

Mtu huyo yupo nasi hapa leo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka jambo hili liandikwe.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Aprili 2023, saa nne na robo asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Aliacha agizo moja: ndege isipitishwe juu ya kaburi kwa heshima yake, maana makaburi haya yako chini ya kona ya mwisho, na hapo watu wanatua.

Ameacha mume, binti ambaye ni mwalimu wa hisabati, mwana ambaye ni fundi wa ndege, mkwe mmoja, wajukuu wanne, dada mmoja, wadogo zake wawili, na marubani sitini na mmoja, wote wakiwa hai. Hiyo idadi ya mwisho ndiyo jibu lake kwa barua ile.

Tangulia, Mama, utue salama. Njia ni yako. Sisi bado tunazunguka, na tunatazama.