Magodoro Yenye Zipu: Risala ya Wafanyakazi kwa Waziri wa Fedha

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mkurugenzi wetu, wageni mlioketi kwenye viti vyenye mito, na sisi wenyewe tuliosimama:

UKARIBISHO

Karibu sana kiwandani, Mheshimiwa. Jisikie uko nyumbani. Sakafu imepigwa deki kwa ajili yako, na choo cha wanawake, kilichofungwa tangu mwaka juzi, kimefunguliwa asubuhi hii. Tafadhali uje mara kwa mara.

HISTORIA

Kiwanda hiki kilianza na cherehani chache na mwanamke mmoja mkali. Tunamwita Shangazi, hata mhasibu aliyemzidi umri alimwita hivyo. Ndiye aliyetufundisha kushona kingo za godoro bila kujichoma, na kila siku ya mshahara alitupigia kelele: "Wekeni akiba, nyie! Mnadhani mtabaki vijana?" Yeye mwenyewe alikatwa kodi ya mapato, akakatwa na mchango wa bima ya jamii, na kilichobaki akakibana, akakipeleka benki. Sasa amestaafu. Pensheni inalipa chumba na chakula. Riba ya akiba yake ndiyo ya kununulia matone ya presha ya macho.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, uliunganisha kodi na mchango vikawa kato moja, ukasema redioni kwamba unaturahisishia maisha. Kweli kabisa. Sisi tulio kazini tulikuwa na mistari miwili ya makato, sasa tuna mmoja, na jumla ni ileile. Tunakupongeza kwa wino uliookolewa.

Zamani riba ya benki ilikatwa kodi tu. Sasa, kwa kuwa kato ni moja, inakatwa mchango pia. Wenye akiba wakaguna, wakaenda kutoa hela zao, na hapo ndipo neema ilipotushukia. Wateja wanakuja wakinong'ona: "Fundi, lipo lenye zipu ubavuni?" Lipo! Mauzo yamepanda mpaka tunafanya kazi hadi Jumapili, na malipo ya Jumapili nayo yanakatwa kato moja. Hatujawahi kuwa na waziri aliyetuuzia magodoro namna hii.

CHANGAMOTO

Hapa Mkurugenzi alituomba tuseme "hakuna". Utusamehe, bosi.

Changamoto ni Shangazi. Yeye zipu hataki. "Hayo magodoro nimeyashona mimi, najua yanavyoshika moto," anasema. Hela yake bado iko benki, na riba, baada ya kato lako, haifiki bei ya chupa ya dawa. Kwa hiyo leo anatia matone, kesho anaruka. Daktari amemwambia jicho likishapotea halirudi. Juzi alipokuja kutusalimia alimwamkia mlinzi kwa heshima zote akidhani ni Mkurugenzi. Tulicheka, halafu wengine wetu tukaenda nyuma ya stoo kulia. Inatuuma, Mheshimiwa, hatukufichi.

Alikwenda ofisi ya bima kuuliza: "Jamani, nachangia nini tena? Pensheni si ninayo tayari?" Karani akamjibu kwa adabu zake zote: "Bibi, huo ni mchango wa mfanyakazi." Shangazi akashukuru, akarudi nyumbani kulifikiria jibu hilo.

MAOMBI

Tulipanga kuomba feni na buti. Tumeviacha. Tunaomba riba ya waliostaafu iondolewe huo mchango, basi.

Ikishindikana, lipo ombi la Shangazi mwenyewe, na ametuapisha tulisome kama alivyolisema: "Kama nakatwa kama mfanyakazi, basi mimi ni mfanyakazi. Mwulizeni bosi wangu ni nani, na zamu yangu inaanza saa ngapi."

Mungu akujalie afya, Mheshimiwa, akulindie familia yako na akurudishe ofisini salama.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Kiwanda cha Magodoro, pamoja na Shangazi, yule pale karibu na mlango, aliyevaa aproni na kupakata chakula chake cha mchana. Amefika tangu alfajiri. Anasubiri umpangie kazi.