Tiyo ya Moshi na Chakula ya Bibi Yangu

Wandugu wa shirika letu la sala, amani kwenu. Muniache nisimame hapa karibu na mulango, kwani nikisogea mbele kabisa nitaona haya na kukata maneno. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, iko pale kwa wamama. Nilimuomba ruhusa ya kusema hii habari, akanijibu: "Sema, lakini sema yote." Basi nitasema yote. Majina ya watu sitataja.

Kazi yangu munaijua. Miye ni shofere wa pikap ya mazuti, ni kusema dizeli, nabeba watu na mizigo toka Salamabila, napita Kabambare na Lusangi, mpaka hapa Kasongo. Barabara nayo munaijua, sina haja ya kuieleza. Kuna mulima moja kisha kupita Kabambare, pale gari yangu ilikuwa inachoka, na shofere mwenzangu alikuwa ananipita huku anapiga honi. Siku moja akaniambia: "Gari yako inapumua na pua iliyoziba. Toa ile tiyo ya moshi ya zamani, weka kubwa, utaona nguvu."

Nikaagiza tiyo mupya, bomba ya kutolea moshi, kutoka Bukavu. Ilikuwa pana, inang'aa, na haikuwa na kile kisanduku cha kupunguza makelele. Fundi mumoja wa Salamabila akaipima chini ya gari, akaona haikutani sawasawa na ile inayotoka ku motere, ile injini. Chini ya kabine, pale shofere anakaa, palibaki mwanya. Akaniambia: "Papa, hapa panaomba kipande cha chuma na joini mupya ya kuziba mwanya. Ungoje wiki moja."

Nikacheka. "Funga na waya. Watu wangu wananingoja."

Alifunga. Akanawa mikono, akakusanya vyombo vyake.

Wandugu zangu, ile gari ililia! Ku Lusangi watu walitoka mashambani kuja kuangalia. Yule wa honi nilimuacha mu matope. Nilijiona mufalme.

Wiki ya pili kichwa kikaanza. Nikiendesha masaa mawili, matatu, kinagonga, roho inachafuka, miguu inakuwa kama si yangu. Ku dispansere walipima damu, malaria hakuna. Nikipumzika nyumbani siku mbili, nakuwa muzima. Nikirudi barabarani, ugonjwa unarudi. Harufu ya moshi niliisikia, lakini shofere asiyenuka mazuti ni shofere gani? Nikajiuliza: barabarani niko na kitu gani ambacho nyumbani sina? Jibu likaja mbio: bakuli ya bibi yangu. Nyumbani tunakula sahani moja, hawezi kuniwekea kitu. Lakini ile bugali na sombe, majani ya muhogo, anayonifungia asubuhi, naila miye peke yangu.

Nawaambia, mashaka yakishaingia mu masikio, kila neno linakuwa ushahidi. Akiuliza, "Utarudi siku gani?" nasema moyoni, juu ya nini anataka kujua? Kaka yake akinisalimia na furaha, nasema, huyu amekwisha kujigawia gari yangu. Siku moja ku Lusangi nikamupa imbwa ile chakula yote. Imbwa akala, akalala kivulini, akaamuka, akatikisa mukia. Mutu mwenye akili angeishia pale. Miye nikasema: tumbo ya imbwa ni ngumu, hii sumu inatafuta watu. Nikaacha kula, nikanunua ndizi njiani. Kichwa bado. Nikasema: basi ameiweka mu kiti cha gari. Mucheke tu, wandugu. Wakati ule hakukuwa mutu wa kucheka.

Siku ya Mungu moja, Jumapili, mbele ya kaka zake na majirani, nikaweka bakuli yake chini. "Kula nione."

Bibi yangu akaivuta ile bakuli karibu. Kisha akakaa chini, akala. Alikula tonge kwa tonge, mpaka bakuli ikabaki tupu. Akapangusa mudomo. "Nimekula sumu yangu. Sasa naenda kufia kwa baba yangu."

Alichukua watoto, akaenda kwao, vijiji vya Kabambare. Hakufa. Miye nikasema: alikunywa dawa ya kujikinga mbele ya kula.

Nikabaki peke yangu na funguo ya gari ndani ya shati. Abiria wote nilipandisha nyuma juu ya mizigo, mu kabine sikukubali mutu, asije akaniwekea sumu. Kichwa kikaendelea kugonga.

Halafu mvua moja kubwa ikatukuta kisha kupita Lusangi. Mama mumoja muuza kuku akagonga kioo. "Papa, kuku zangu zitakufa na baridi. Unipatie nafasi." Nikamuonea huruma. Akaingia, kitunga cha kuku mbele ya miguu yake, vioo tukafunga. Njiani nikamuelezea habari yote ya bibi yangu. Kisha nikamusikia analalamika kichwa, na mara akapiga kelele: "Simamisha! Kuku zangu!"

Tatu zilikuwa zimekufa, zingine shingo zimelegea. Akafungua mulango, akavuta ule mupira wa kukanyagia miguu. Ulikuwa mweusi na masizi, na kupitia tundu la ile sakafu ya chuma moshi ulikuwa unapanda, motere ikinguruma. Akanigeukia, mvua inamupiga uso:

"Papa, hizi kuku zilikula chakula ya bibi yako?"

Nilitoka, nikatapika mu matope. Nililia pale kama mutoto, na yule mama akanishika bega, hakunitukana.

Kesho yake fundi mwingine wa hapa Kasongo aliitoa ile tiyo, akarudisha ya zamani, akaziba tundu. Siku chache tu kichwa kikanyamaza. Nikaenda kwa baba mukwe na mbuzi. Akamuangalia mbuzi, akasema: "Umemutukana mutoto wangu mbele ya watu. Nenda ulete hiyo tiyo, uiite mbele ya watu ile jina uliyomupa yeye." Nilirudi nayo juu ya bega. Nikasimama mu kiwanja chao, kijiji kizima kikiangalia, nikasema: "Huyu ndiye alikuwa ananiua. Bibi yangu hana kosa." Bibi yangu hakurudi siku ile. Alingoja mpaka mupunga ukavunwa, kisha akarudi na watoto.

Namushukuru yule mama wa kuku, popote alipo. Namushukuru baba mukwe, hakunifungia mulango. Namushukuru fundi wa kwanza, aliyenionya nikamucheka. Na weye, mama wa watoto wangu, sijui kama nimesema yote. Kama kuna nililoacha, simama uliongeze.

Wandugu, ugonjwa ukikuingia, usianze na uso wa mutu. Anza na kitu ulichofunga mwenyewe kwa haraka. Gari yangu iko hapo inje. Mwenye mashaka aende ainame chini yake, aangalie na macho yake. Mashaka ya namna ile ni mazuri, hayavunji nyumba ya mutu.